Theluji Iliyokanushwa

Nimefundisha historia katika shule moja ya Changamwe kwa muda wa miaka minane. Madirisha ya darasa letu yaelekea magharibi. Mwanafunzi akichoka na somo hutupa macho nje, akaona malori yakipanda kwenda bara, na garimoshi likifuata njia ile ile ambayo zamani ilifuatwa na miguu ya watu. Mara nyingi nimewakemea kwa kutazama nje. Siku hizi siwakemei sana, kwa sababu nitakayoieleza.

Asubuhi moja niliandika ubaoni maneno machache: Johannes Rebmann, mwaka 1848, Mlima Kilimanjaro. Wanafunzi wakaandika katika madaftari yao kama walivyozoea, maana neno la ubaoni hupata heshima hata kabla halijafahamika. Msichana mmoja, mwenyeji wa Likoni, hakuandika. Alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Huyo Bwana Rebmann aliongozwa na nani? Mgeni hafiki mahali asipopajua ila awe na mwongozi."

Nilimjibu kuwa mwongozi wake aliitwa Bwana Kheri. Akauliza tena, "Na huyo Bwana Kheri, alikuwa ameuona mlima kabla ya mgeni wake?" Nikasema bila shaka alikuwa ameuona. "Basi mbona jina lake haliko ubaoni?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini kicheko changu kilikuwa kifuniko cha haya. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kuwa swali la mwanafunzi ni deni, na deni halilipwi kwa kicheko. Nikasoma vitabu nilivyoweza kuvipata, na mwishowe, katika likizo ya mwezi wa Agosti, tukaenda mlimani wenyewe. Insha hii ni malipo ya deni lile.

Yafaa tuanze hapa hapa petu. Watu wengi hudhani kuwa habari za Kilimanjaro ni habari za mbali, za nchi ya baridi na migomba, zisizohusu minazi na mikoko ya Mombasa. Sivyo. Kwa muda mrefu bara ya Mombasa ilikuwa mlango mmoja mkubwa wa kuuendea mlima ule. Mwaka 1519 Mhispania mmoja, Martín Fernández de Enciso, aliandika kitabu cha jiografia, akataja kuwa magharibi ya bandari ya Mombasa uko mlima mrefu mno, ambao yeye aliulinganisha na mlima Olympus wa Wayunani. Yeye hakuuona. Habari ile ilisafiri midomoni mwa watu, na yamkini kabisa kwamba chanzo chake kilikuwa watu wa pwani, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wakikutana na mabaharia bandarini.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani kwenda Taita, Taveta na Uchagani kutafuta pembe za ndovu. Na yatupasa kusema kweli yote: biashara ile ilichukua watumwa pia, na njia ile ile iliyoleta elimu ya nchi iliona machozi mengi. Viongozi wa misafara walijua visima, mito, majina ya wafalme, na hesabu ya siku za mwendo kutoka kambi hata kambi. Mmoja wao alikuwa Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa Udigo karibu na Gazi, katika pwani ile ambayo mtu huifuata akivuka Likoni na kushika njia ya kusini. Mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe aliketi naye akaandika njia alizozitaja, na mwaka 1870 habari zile zilichapishwa katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Hivyo mtu wa Udigo aliwafundisha mabingwa wa Ulaya jiografia ya Afrika, bila ya kutoka kwao.

Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Haukupita mwaka mmoja, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikufa kwa homa, nao wakazikwa katika bara ya kaskazini, upande huu ambao sasa una Nyali na Kisauni. Mwaka 1846 alikuja Rebmann, kijana wa miaka 26, na wawili hao wakajenga kituo chao Rabai, juu ya vilima vinavyotazama bahari. Huko ndiko habari za mlima zilikowafikia. Katika Oktoba mwaka 1847 Rebmann alikwenda hata Kasigau, nchi ya Wataita, na habari zikazidi kumvuta. Liwali wa Mombasa alimwonya asiupande mlima ule. Alisema umejaa majini. Kwamba waliojaribu kuupanda walikakamaa mikono na miguu, na baruti yao ikakataa kushika moto.

Tusicheke upesi. Mtu aliyekufa kwa baridi hukakamaa viungo vyake, na baruti iliyoingiwa na unyevu haiwaki. Liwali alikosea sababu, lakini mambo yaliyotendeka aliyapokea kama yalivyokuwa. Wachukuzi wa habari ile walikuwa wameiona baridi kali bila kuwa na jina la kuiita, nao wakaiita kwa jina walilokuwa nalo.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai. Msafara wake ulikuwa mdogo sana: Bwana Kheri mwongozi, na wapagazi wasiofika kumi. Wakati ambapo misafara mingine ilikwenda na bunduki nyingi, yeye mwenyewe alishika mwavuli tu. Walipita katika nyika ya Taru, nchi ya miiba na kiu, ambamo msafiri huhesabu maisha yake kwa mashimo ya maji. Wakapita vilima vya Taita. Tarehe 11 Mei, yapata saa nne ya asubuhi, Rebmann alitazama magharibi akaona juu ya mlima mmoja kitu cheupe kilichong'aa kama wingu lisilosogea. Akamwuliza Bwana Kheri ni nini kile cheupe. Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja la Kiswahili: baridi.

Nimelifikiri sana neno lile. Lugha yetu wakati ule haikuwa na haja ya kutaja theluji kila siku, kwa kuwa aliyezaliwa Mombasa hakupata kuiona katika maisha yake. Mwongozi hakubuni kitu, wala hakudai kujua asichokijua. Alitaja kile ambacho mtu hukijua akikikaribia: kwamba kile cheupe ni ubaridi. Hata mwalimu wa sayansi hangeweza kusema kweli zaidi kwa neno moja. Rebmann, ambaye katika nchi yake aliizoea theluji tangu utoto, aliposikia neno lile alifahamu mara moja. Basi kweli ile ilihitaji watu wawili: mmoja aliyeijua njia, na mmoja aliyekijua kile kitu.

Bwana Kheri alimsimulia pia kisa cha mfalme wa Machame aliyetuma watu wengi juu ya mlima, akitumaini kuwa kile kinachong'aa ni fedha. Walio wengi walikufa, na aliyesalia alirudi mikono na miguu yake ikiwa imeharibika kwa baridi. Na Wachaga wenyewe hawakuwa na shaka. Kilele kile walikiita Kibo, na katika safari zake Rebmann aliwasikia wakisema kuwa kitu kile cheupe kikitiwa motoni hugeuka maji. Mtu akitaka kujua nani alikuwa wa kwanza kuichunguza theluji ya Kilimanjaro, asimtafute mbali. Amtafute katika watu wale waliopanda kutafuta fedha wakapata maji.

Rebmann alikwenda Uchagani mara tatu katika miaka ya 1848 na 1849. Mwenzake Krapf, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa katika nchi ya Ukambani, aliuona mlima mwingine wenye weupe, yaani Mlima Kenya, baada ya kuambiwa habari zake na Kivoi, mkuu wa Wakamba. Kwa hiyo katika muda usiotimia miaka miwili, kituo kidogo cha Rabai kilikuwa kimetoa mashahidi wawili wa theluji karibu na mstari wa ikweta. Barua zao zikapelekwa Ulaya, na habari za Rebmann zikachapishwa London mwaka 1849.

Huko London alikuwako bwana mmoja, William Desborough Cooley. Hakuwa mjinga, na haifai kumfanya mjinga. Alikuwa msomi mwenye bidii aliyesoma vitabu vya Waarabu na Wareno, akalinganisha neno kwa neno, akachora ramani. Lakini hakukanyaga Afrika hata siku moja. Alipoisoma habari ya Rebmann aliikana. Alisema theluji ya milele katika nchi ya jua kali ni mawazo ya mtu aliyetaka kuiona, wala si ushahidi wa macho yake. Mwaka 1852 alitoa kitabu juu ya bara la Afrika, na ndani yake akaendelea kubishana na wamisionari. Wengi walimsadiki. Alikuwa mtu wa elimu, na Rebmann alikuwa mtu wa mwavuli.

Hapa ndipo penye kiini cha insha hii. Kosa la Cooley halikuwa kuuliza. Historia bila kuuliza ni ngano. Kosa lake lilikuwa kufikiri kuwa kitu asichokitazamia hakiwezi kuwako, na kuwa shahidi aliyekwenda kwa miguu hana uzito mbele ya kitabu kilichoandikwa na mtu aliyeketi. Tena kosa lile lilikuwa na mizizi chini yake. Kumkana Rebmann kulikuwa kumkana Bwana Kheri pia, na wazee wa Machame, na wapagazi wote; ila hao hawakuhesabiwa hata kama watu wa kukanwa. Methali yetu yasema, asiyekuwepo na lake halipo. Cooley aliigeuza methali ile: yeye ndiye hakuwapo, lakini neno lake ndilo lililokuwapo.

Kweli ilichukua miaka kufika. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken aliuendea mlima pamoja na Richard Thornton, mtaalamu wa miamba. Mwaka uliofuata Decken alirudi akiwa na Otto Kersten, wakapanda kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Chama cha Jiografia kikampa Decken nishani ya dhahabu mwaka 1864. Cooley hakuridhika hata hapo. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Ribe, alipanda hata akaishika theluji kwa mikono yake. Baada ya hapo ubishi ulibaki jina tu.

Rebmann mwenyewe alikaa Rabai karibu miaka 29. Macho yake yalidhoofika mpaka yakazimika. Mwaka 1875 alirudi kwao akiwa kipofu, akisindikizwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, na mwaka uliofuata alifariki dunia. Mtu aliyeambiwa kuwa hakuona alichoona, alimaliza safari yake hana macho, na mkono uliomwongoza ulikuwa tena mkono wa mtu wa nchi hii.

Mwaka 1889 Hans Meyer, Mjerumani, aliandaa safari yake ya tatu. Pwani ya kusini ilikuwa na vita, kwa hiyo msafara wake ulianzia Mombasa, ukapita Taita na Taveta. Tarehe 6 Oktoba yeye na Ludwig Purtscheller, bingwa wa milima kutoka Austria, walifika kilele cha juu kabisa. Vitabu vingi husimama hapo. Lakini katika kambi ya juu, penye upepo unaokata ngozi, alikuwako Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa nao siku nyingi akilinda hema na kupika, wakati wapagazi wengine wamerudishwa chini. Na miongoni mwa Wachaga wa Marangu waliowaonyesha njia alikuwa kijana aitwaye Yohani Kinyala Lauwo, ambaye aliishi miaka mingi na kuheshimiwa na taifa lake. Fikiri, msomaji, mtu wa Pangani, aliyezaliwa penye minazi na joto, anakoka moto mahali ambapo maji huganda sufuriani usiku. Bila moto ule kilele kisingefikiwa.

Sasa nieleze safari yetu wenyewe. Tuliondoka Changamwe alfajiri kwa basi la kukodi: walimu wawili na wanafunzi 14, pamoja na yule msichana wa Likoni. Mwendo uliomchukua Rebmann wiki mbili sisi tuliumaliza kwa siku moja. Tulipita Mariakani na Taru. Nikawaambia wanafunzi wafunge chupa zao za maji hata tutakapofika Voi, wapate kuonja kidogo tu kiu ya wapagazi. Walinung'unika, lakini walitii. Kutoka Voi tulishika njia ya magharibi hata Taveta, tukavuka mpaka kuingia Tanzania, na jioni tukafika Marangu, kijiji cha migomba na kahawa, ambamo maji hupita katika mifereji iliyochimbwa na mababu wa Wachaga kutoka makorongo ya mlima.

Mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limeufunika wote, na kijana mmoja akasema kwa mzaha, "Labda yule bwana wa London alikuwa na haki." Tulilala na mzaha ule.

Mlima Kilimanjaro ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, ukafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hakuna aruhusiwaye kupanda bila mwongozi. Wetu alikuwa mzee wa makamo ya miaka 60 na zaidi, mwembamba, mwenye mwendo wa polepole usiobadilika penye mwinuko wala penye tambarare. Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo, Babu," naye akawajibu, "Marahaba, wajukuu," kisha akawapa amri moja: polepole. Kutoka lango la Marangu, lililo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, tulikusudia kufika kituo cha Mandara, kama mita 2,700, na kurudi siku ile ile. Hatukuwa na nguo wala fedha za kwenda mbele zaidi.

Msitu ule ni hekalu. Miti yake imevaa kuvu na ndevu za kijani, na ukungu hupita katikati yake kimya. Mbega, kima weusi wenye manyoya meupe ya mgongo na mkia kama kishada, waliruka juu ya vichwa vyetu, wakawafanya wanafunzi wasahau uchovu. Mzee alituonyesha nyayo za paa wadogo, akatueleza kuwa katika upande wa kaskazini wako tembo, na kwamba pofu hupanda hata katika uwanda wa juu ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Akatusimulia pia habari ya chui aliyekutwa ameganda karibu na ukingo wa shimo la Kibo. Mchungaji Richard Reusch wa Marangu alimwona mwaka 1926. Mwanafunzi akauliza chui alitafuta nini huko juu. Mzee akasema, "Hilo hata mimi sijaambiwa."

Tulipofika Mandara tulikwenda mbele kidogo hata ukingo wa Maundi, shimo la volkano ya zamani. Kutoka hapo mtu akigeuka mashariki huona nchi ya Taveta imelala chini, nyika baada ya nyika, mpaka macho yachoke. Nikawaambia wanafunzi, "Kule ndiko alikotoka Bwana Kheri." Walitazama kwa muda mrefu. Tulikuwa tumezoea kuutafuta mlima kutoka pwani. Sasa tuliitafuta pwani kutoka mlimani.

Ndipo upepo ulipogeuka. Wingu lilipasuka kama pazia, na Kibo akasimama mbele yetu, mkubwa kuliko tulivyofikiri, mwenye jiwe la rangi ya majivu, na juu yake vipande vyeupe hapa na pale. Wanafunzi walipiga kelele za furaha. Mzee hakusema kitu. Kisha akanyosha fimbo yake, akaonyesha mahali penye jiwe tupu, akasema: "Nilipokuwa kijana, nilipoanza kubeba mizigo, pale palikuwa barafu. Na pale. Na pale chini. Nikiwaambia wajukuu wangu, wananiambia, Babu, unatutania."

Hesabu zinamwunga mkono. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea karibu kilomita za mraba 12. Ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa imepungua chini ya kilomita za mraba 2. Hans Meyer mwenyewe, aliporudi mwaka 1898, aliona kuwa imerudi nyuma. Sababu si moja. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilipungua unyevu, theluji mpya ikawa haba, na jua likaendelea kula barafu ya kale. Tena joto la dunia limezidi kwa moshi wa viwanda na magari. Mwaka 2022 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni lilitangaza kuwa barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Maji mengi ya mlima hutoka katika msitu, wala si katika barafu. Kwa hiyo mito haitakauka yote siku barafu itakapokwisha, maadamu msitu umetunzwa. Lakini kitu alichokitaja Bwana Kheri kwa neno moja hakitakuwako tena.

Nilisimama pale nikamfikiri Cooley kwa huruma ambayo sikuwa nayo zamani. Yeye alikana theluji iliyokuwako. Wajukuu wa mzee wetu wanakana theluji iliyokuwako jana. Na wanafunzi wangu, watakapokuwa wazee, labda watawaambia wajukuu wao, "Nilikwenda Marangu nikauona mlima umevaa weupe," nao wataambiwa, "Bibi, unatutania." Miaka karibu 180 imezunguka ikaturudisha pale pale: shahidi na mtu asiyesadiki. Tofauti ni kuwa safari hii asiyesadiki hawezi kupelekwa akaone mwenyewe. Decken alimaliza ubishi kwa kupanda. Wajao hawatakuwa na pa kupanda ili waione. Watakuwa na maneno ya mashahidi tu.

Yule msichana wa Likoni alikuwa ameketi juu ya jiwe, daftari magotini. Aliandika tarehe na saa. Akachora umbo la Kibo, akatia alama kila mahali alipoona weupe. Kisha akamwendea mzee, akamwuliza kwa adabu alizaliwa mwaka gani, alianza kubeba mizigo lini, na barafu ilifika wapi wakati ule. Mzee akajibu, naye akaandika jina lake kamili. Sikumfundisha afanye hivyo. Nilipomwuliza mbona ameandika jina la mzee kabla ya jina la mlima, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo lililo wazi, akasema, "Ndiye aliyeona, Mwalimu."

Saa ilikuwa imekwenda, na njia ya kushuka ilikuwa ndefu. Wingu lilirudi likaufunika mlima kabla hatujaingia msituni.

Enyi vijana mtakaosoma insha hii, hapana shaka wengine wenu mtaandika vitabu, na wengine mtakuwa waongozi wa safari, madereva au wavuvi. Kila mmoja wenu anaona kitu ambacho mwingine hakioni. Andikeni mkionacho, mahali na saa yake, na jina la aliyewaonyesha. Mkiletewa habari msiyoitazamia, iulizeni maswali magumu, lakini msimkane mtu kwa kuwa alikwenda kwa miguu.

Tangu siku ile, nifikapo katika somo lile, naandika ubaoni: Bwana Kheri na Johannes Rebmann, tarehe 11 Mei 1848. Kisha naweka chaki chini, na ninawaruhusu wanafunzi watazame nje dirishani, upande wa magharibi, muda wa dakika moja.